Nafurahiaje sikukuu nyumbani Mtwara kama mi ni mtu wa kimya?

mgeni_wa_desemba: Wakuu habari za muda huu, naombeni ushauri. Nafanya kazi Dar, Krismasi na Mwaka Mpya naenda nyumbani Mtwara. Familia naipenda sana ila mi ni introvati, nikikaa kwenye watu wengi tangu asubuhi jioni nakuwa hoi hata kuongea siwezi. Na nyumba inajaa kweli, mashangazi wanatoka Masasi na Newala, watoto wanalala mpaka sebuleni, spika haizimwi, na hilo joto la Desemba. Nikienda chumbani kupumzika kidogo naambiwa naringa, mama anaumia. Sitaki kuikimbia sikukuu jamani, nataka niifurahie. Wenzangu mnafanyaje?

Bi Mkubwa Lindi: Mwanangu, anza na salamu. Siku unayofika zunguka kwa wakubwa wote, mmoja mmoja, shikamoo, kaa naye kidogo umuulize miguu, umuulize shamba. Mtu akishaheshimiwa hivyo, kesho ukikaa pembeni hasemi kitu, atakutetea yeye mwenyewe. Wanaosemwa ni wale wanaopita na simu mkononi bila kuamkia. Na mama yako mwambie mapema kabla hujafika kwamba ukinyamaza hujakasirika, umechoka tu.

kaskazi2: Alfajiri dada, alfajiri. Saa kumi na mbili jua ndo linachomoza na nyumba nzima bado imelala, nenda zako Shangani, maji yakiwa yamekupwa unatembea mbali tu unakutana na watu wachache wanaotafuta pweza. Jioni ya sikukuu usijaribu, pamejaa. Siku nyingine panda bajaji mpaka Mikindani na binamu mmoja unayeelewana naye, mmoja tu, mzunguke mitaa ya zamani na lile boma la Wajerumani la 1895, mrudi mchana mmekula samaki.

mgeni_wa_desemba: Asanteni sana, mama nampigia leo. Ila mchana wa tarehe 25 wote tuko uani, hapo nakimbilia wapi?

Mwana Nanyamba: Usikimbie, omba kazi! Kaanga korosho. Mi ndo kazi yangu kila sikukuu na naipenda kuliko chochote. Unaweka korosho na maganda yake kwenye bati lililotobolewa matundu, moto mkali, unageuza kwa mti mrefu mpaka ganda litoe mafuta ziwake zenyewe, hapo unazimwaga chini unazifukia mchanga moto ufe. Moshi wake unawasha hivyo watu wanakaa mbali, na wakati huohuo wanakuona upo, unafanya kazi ya wote. Zikipoa unabangua, na hapo lazima bibi mmoja atakuja na kigoda chake akusaidie, mtaongea mawili matatu taratibu. Hayo maongezi ya watu wawili ndo introvati tunayoyaweza, na mi hadithi zote za ukoo nimezipatia hapo.

kaskazi2: Nakazia, kazi inakupa sehemu ya kukaa. Hata kukuna nazi inafaa.

mgeni_wa_desemba: Hii nimeipenda mno. Ila si nasikia mafuta yake yanababua?

Mwana Nanyamba: Yanababua ndio, ngozi inabanduka kabisa. Pakaa majivu viganjani kabla ya kubangua na rudia kila yanapoisha, usishike uso, na wakati wa kukaanga simama upande unakotokea upepo. Watoto wasisogee mpaka zipoe.