ARM au x86: hisa zipi za kushika miaka 10?

Nahodha: Wakuu, Apple walipoanza kuihama Intel mwaka 2020 na kutoa M1, chipu yao ya muundo wa ARM, nilisema x86, muundo wa chipu za Intel, imefika ukingoni. Amazon nao wana Graviton, chipu yao ya ARM, kwenye seva zao tangu 2018. Mwenye akiba aiweke wapi? Mimi nasema Arm, kampuni yenye muundo wa ARM. Anayeng'ang'ania Intel leo ni mtu wa mazoea tu.

Kobe: Mazoea? Pima maneno, mkuu. Nilinunua hisa za Intel kwa sababu ya gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, na liliingia kila robo mwaka. Kutokimbilia kila kipya si uzembe.

Nahodha: Gawio lenyewe walilisimamisha 2024.

Kobe: Ili wajenge viwanda! Hao Arm wako wana kiwanda gani?

Saketi: Kobe, hapo umeteleza. Arm inauza leseni za muundo, kisha inavuna mrabaha, malipo kidogo kwa kila chipu inayouzwa. Chipu za Apple anazitengeneza TSMC, mwenye viwanda kule Taiwan, na huyohuyo anazitengeneza za AMD, mshindani wa Intel, ambazo ni x86. Halafu mnaisahau AMD: mwaka 2015 hisa yake ilishuka chini ya dola 3. Waliofaidika pale walikuwa ndani ya x86 hiyohiyo mnayoizika.

Mpitanjia: Kwani Nvidia, wale wa chipu za AI, si walishainunua Arm?

Saketi: Walitaka, kwa dola bilioni 40. Mpango ukavunjika Februari 2022. SoftBank, kampuni ya uwekezaji ya Japani, ndiye mwenye hisa nyingi za Arm, aliinunua 2016.

Nahodha: Mimi nasema nilichokishika. Kompyuta yangu ya x86 iliniunguza mapaja, feni inavuma na nimefungua barua pepe tu. Hii ya ARM haina feni kabisa, na jioni betri bado ipo.

Kobe: Mapaja yako si hesabu za kampuni. Programu ninayofanyia kazi iliandikiwa x86. Kwenye ARM inapitia programu ya kuitafsiri, nikibonyeza kitufe nasubiri.

Saketi: Sasa tunabishania kompyuta au hisa? Bei mliyonunulia ndiyo swali.

Kobe: Haya, Nahodha. Arm iliingia sokoni Septemba 2023 kwa dola 51. Wewe uliingia kwa ngapi?

Nahodha: Niliingia ikiwa imeshapanda. Siuzi.

Kobe: Na gawio?

Nahodha: Hawatoi. Sikununua kwa ajili ya gawio.

Kobe: Basi langu niachie mwenyewe.