Mrejesho: Kompyuta ya mezani sasa inatumia Wi-Fi

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuihamisha kompyuta yangu ya mezani kutoka kwenye waya wa mtandao kwenda kwenye Wi-Fi, kwa kuwa nimehamia chumba cha nyuma na ruta imebaki sebuleni.

Nilinunua adapta ndogo ya USB ya kunasa Wi-Fi, kama mlivyonishauri. Windows haikuitambua mara moja, hivyo niliuacha waya ukiwa umechomekwa hadi draiva, yaani programu ya kuiendesha adapta hiyo, ilipokwisha kupakuliwa. Hatua hiyo namsisitizia yeyote anayekusudia kufanya hivi, maana ukiuchomoa mapema unabaki huna njia ya kuipata draiva yenyewe.

Shida ilijitokeza baadaye, intaneti ilipokuwa ikikatika kila niliponakili mafaili kwenye diski ya nje. Adapta ilikuwa nyuma ya kasha, imebanwa kati ya bati na ukuta, jirani kabisa na tundu la USB 3.0 lenye diski hiyo, na vifaa vya USB 3.0 hutoa mawimbi yanayoweza kuvuruga masafa ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na Wi-Fi. Niliiunganisha adapta kwa waya wa kurefusha wa mita 1, nikaiweka juu ya meza ikielekea mlangoni, na vimistari vya mawimbi vikapanda kutoka 2 hadi 4. Masafa ya gigahezi 5 niliyajaribu pia, lakini kuta mbili za tofali zinayadhoofisha mno.

Kasi haijafikia ile ya waya, ila tangu Jumapili intaneti haijakatika hata mara moja. Nawashukuru kwa dhati, hasa aliyeniomba picha ya nyuma ya kompyuta, kwani ndiye aliyeliona tatizo.