Naomba ushauri: hewa haizunguki ndani ya nyumba ya ghorofa

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi katika nyumba ya ghorofa huko Upanga, Dar es Salaam, ambayo madirisha yake yote ya alumini yako upande mmoja na, kwa kuwa ni ya kusukuma, hufunguka nusu tu, hivyo upepo unaoingia hauna pa kutokea. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hali huzidi: ukuta wa nyuma ya kabati la nguo huota ukungu mweusi, na viatu vya ngozi hushika utando wa kijivu. Kiyoyozi cha ukutani hupoza tu hewa ile ile ya ndani. Je, feni ya kutolea hewa bafuni, pamoja na matundu juu ya mlango, vitatosha? Mwanangu ana pumu, kwa hiyo ningeshukuru sana kusikia kutoka kwa mafundi.