Nimeua yavuyavu wawili. Wa tatu nifanyeje aishi?

Mwalimu_Jomvu
Assalam aleikum wanabaraza. Nafundisha gredi ya sita. Juzi maji yalipojaa tuliwapeleka watoto kwenye mikoko, mmoja akateka kwa gilasi yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini mwenye mwili kama mwavuli, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Mwili wake maji matupu, humwoni mpaka atikisike. Tukamtia ndooni, nikajazia maji ya mfereji. Asubuhi tulikuta utelezi tu. Wa pili nikamwekea maji ya bahari pekee na pampu ya hewa ya samaki wa urembo. Naye akafa, mwavuli umejaa mapovu. Watoto wamehuzunika, na mimi pia. Nisaidieni.

Bin_Nahodha
Pole mwalimu. Wa kwanza kauliwa na maji ya mfereji: yana klorini, na chumvi ilipungua ghafla. Wa pili ni hayo mapovu. Yakiingia chini ya mwavuli hayatoki, humtoboa. Yavuyavu ataka chombo cha mviringo na maji yanayozunguka polepole. Tena hula vijidudu hai vya majini, kila siku. Darasani utavitoa wapi?

Mama_Swafiya
Na hao watoto hawawashwi? Wangu alirudi kuokota chaza mikono imemvimba.

Bin_Nahodha
Wasiwashike kwa mkono, dada. Akiwashwa, mwoshe kwa maji ya bahari, usimsugue kwa mchanga. Akishindwa kupumua, hospitali mbio.

Mkandaa
Mwalimu, wasimulie watoto habari za Tripedalia cystophora, yavuyavu wa mikoko ya Karibi. Sisemi wako ndiye. Yule ana kama sentimita 1, macho 24, na ubongo hana. Huwinda kwenye miali ya jua katikati ya mizizi. Mwaka 2023 watafiti wa Denmark na Ujerumani walitoa matokeo yao: walimtia kwenye chombo cha duara chenye ukuta wa mistari ya kijivu na myeupe, mfano wa mizizi. Mwanzo alijigonga sana. Dakika 7 na nusu baadaye kujigonga kukapungua nusu. Amejifunza, bila ubongo! Mimi nilisoma mara mbili.
Ushauri wangu: usimlaze shuleni. Nendeni na bakuli la kioo, nyuma yake wekeni buibui jeusi, mtamwona mpaka mikono yake. Watoto wachore, kisha arudishwe kabla maji hayajatoka.

Mwalimu_Jomvu
Shukran sana. Bakuli ninalo, buibui nitaazima kwa mke wangu. Tunakwenda Jumamosi.