Naanza filamu za kutisha: The Others, A Quiet Place au The Conjuring?

Mgeni wa Giza
Wakuu, salamu zenu. Mimi ni mtu mzima na miaka yote nimezikwepa muvi za kutisha. Trela ikionyesha tu mlango unaojifungua wenyewe, mkono wangu uko kwenye rimoti. Nimechoka kuwa yule anayeinamia simu wakati wenzake wanasimulia. Nimechuja hadi zimebaki tatu: The Others (2001), A Quiet Place (2018) na The Conjuring (2013). Nataka moja ya kuanzia. Isinitimue moja kwa moja, lakini isinibembeleze pia. Na tafadhalini, mwisho msinisimulie.

Popo Mzee
Karibu mkuu. Kabla ya yote, unaogopa nini hasa? Watu husema "naogopa muvi za kutisha" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna asiyeweza kuona damu. Kuna asiyejali damu hata kidogo, ila kitu kikimtokea ghafla na mshindo juu yake, roho inamruka. Halafu kuna yule anayeimaliza filamu vizuri tu, taabu yake inaanza saa nane za usiku akitaka kwenda chooni. Hizo tatu zako kila moja inampata mtu wake.

The Others damu haina. Ni mama na watoto wake wawili kwenye nyumba kubwa kisiwani Jersey, mwaka 1945, vita vimeisha na mume hajarudi. Watoto hawavumilii mwanga, kwa hiyo mapazia hayafunguliwi ovyo, na hakuna mlango unaofunguliwa kabla ule uliotangulia haujafungwa kwa ufunguo. Nicole Kidman anapita chumba hadi chumba na shada la funguo, na ikifika nusu saa utajikuta na wewe unaihesabu milango. Ule wa mwisho ulifungwa kweli? Hiyo ndiyo hofu yake, inakunyemelea polepole.

A Quiet Place ni dakika 90 tu. Kuna viumbe wanaowinda kwa kusikia, basi familia inaishi kimya, wote pekupeku. Kwenye ngazi kuna msumari umechomoza. Utauona kabla haujafanya kazi yoyote, na kuanzia hapo kila anayeshuka ngazi zile, nyayo zako wewe ndizo zinazojikunja.

The Conjuring iache kwanza.

Kiti cha Nyuma
Iachwe kwa nini tena? Haina damu ya maana, hadithi inaeleweka, na mwongozaji wake James Wan kamera anaijua. Mimi ndiyo ningempa.

Popo Mzee
Umenisaidia hoja, mkuu. Damu haina, na bado kule Marekani ilipewa alama ya R (aliye chini ya miaka 17 asiione bila mtu mzima) kwa sababu ya kutisha tu. Kumbuka ule mchezo wa watoto: mmoja anafungwa kitambaa machoni, wengine wanajificha na kupiga makofi ili awatafute. Mama kafungwa macho, anafuata makofi hadi kabatini. Sisi tunaiona mikono inayotoka humo kabatini. Yeye haioni, anacheka. Mgeni ukimpa hilo siku ya kwanza, nguo zake atazihamishia kitandani.

Binti Taa
Nakazia. Mimi nilianzishwa na The Exorcist ya 1973, ile ya msichana aliyepagawa na shetani. Binamu yangu aliniambia ukiivumilia hiyo, zilizobaki zote ni maji. Sikufika hata nusu. Nilitoka nikakaa nje mpaka walipomaliza, na baada ya hapo nikakaa zaidi ya mwaka bila kugusa muvi ya aina hiyo. Nilipoirudia ukubwani ndipo nikaona kumbe ni filamu nzuri kuliko nilivyodhani, yenye huzuni nyingi ya mama aliyezunguka kwa madaktari wote wakamshindwa. Lakini huko ni kumtosa mtu kilindini kabla hajajua kuelea.

Halafu kaka Mgeni, alama za umri zisikudanganye. Jaws (1975), ile ya papa anayekula watu, ilipewa PG (watoto ruhusa, mzazi aangalie tu), unaweza kudhani ni ya watoto. Wakati ule PG-13, alama ya katikati ya PG na R, haikuwepo, ilikuja 1984. Mguu wa mtu unazama baharini mbele ya macho yako, PG hiyo hiyo.

Sikio la Tatu
Afadhali umeitaja Jaws, maana nilikuwa nashangaa kwa nini haimo kwenye orodha. Kwa anayeanza mimi naiweka juu ya zote tatu, na sababu yangu ni sauti.

Muvi za kutisha zinatisha kwa masikio kuliko kwa macho. Jaribu kuzima sauti uone, nusu ya hofu inaondoka. Sasa mtunzi wa muziki John Williams kwenye Jaws amempa papa noti mbili tu za muziki, zinarudiwa zikienda kasi. Mara chache za mwanzo unajifunza sheria: noti zikisikika, papa yupo. Baadaye watoto wawili wanaleta mzaha na pezi la bandia, ufuko mzima unapiga kelele na kukimbia. Sikiliza vizuri pale, muziki hakuna. Mwongozaji Spielberg anacheza na wewe kwa haki. Ukishaiamini hiyo sheria, unakuja wakati mkuu wa polisi anarusha chambo majini huku anabwata, na papa anatokeza kichwa bila noti hata moja. Mgeni akipita hapo amejua namna hofu inavyotengenezwa, na atakwenda nayo kwenye filamu nyingine yoyote.

Papa mwenyewe haonekani sana. Yule wa mashine alikuwa anaharibika kila mara wakati wa kurekodi, ikabidi wamfiche. Ndiyo maana mapipa ya njano yanayokatiza juu ya maji yanatisha kuliko meno.

Kiti cha Nyuma
Sasa mtu kauliza tatu, mnamletea ya nne.

Sikio la Tatu
Ya nne ndiyo nzuri, nifanyeje.

Zombi Mpole
Mimi naleta ya tano na ya sita, mniwie radhi. Shaun of the Dead (2004) ni vichekesho, mazombi yamejaa mtaani na jamaa hata hajagundua. Kicheko kinakupa mahali pa kupumulia. Train to Busan (2016) ni ya Korea Kusini, baba na binti yake ndani ya treni, mazombi mabehewa ya mbele na nyuma. Utakimbia nao, na mwisho utalia. Mimi nililia.

Binti Taa
Shaun nakubali, ila mwambie ukweli: karibu na mwisho kuna tukio la matumbo, si la mzaha hata kidogo. Kama shida yake ni damu, hiyo "ya kuchekesha" itamkuta vibaya kuliko The Others.

Zombi Mpole
Kweli, nilisahau. Ukishazoea huoni tena.

Pazia Jekundu
Get Out (2017) hamjaitaja mpaka sasa? Jordan Peele alipata Oscar ya mswada kwa filamu hiyo. Asiyependa mizimu aanze nayo, hofu yote inatoka kwa watu wanaotabasamu.

Mgeni wa Giza
Asanteni wote. Nimejipima kwa maswali ya Popo Mzee. Damu sina shida nayo sana. Vile vya kushtua ghafla ndivyo vinavyoniua. Nikishtuliwa nakasirika kabisa, kama nimepigwa kofi na mtu nisiyemjua. Je, A Quiet Place navyo vimo?

Popo Mzee
Vimo, na kwa kuwa filamu yenyewe iko kimya, kila mshindo unakuwa mkubwa mara mbili. Basi jibu limejitoa: The Others. Ina mahali pachache tu pa kushtuka. Itazame mchana, simu iweke mbali, na usisome chochote kuihusu mtandaoni, hata mstari mmoja. Ile filamu ukishaijua mwisho, umenyang'anywa nusu.

Kiti cha Nyuma
Mchana? Muvi ya kutisha mchana ni sawa na kuogelea na koti.

Binti Taa
Mwache mtu aogelee na koti lake. Na usiwe peke yako mara ya kwanza, lakini chagua wa kukaa naye. Yule anayejua kila kitu na kukwambia "sasa angalia hapa" mfungie nje.

Mgeni wa Giza
Nimerudi, nimeitazama jana saa tisa alasiri. Mapazia ya kwangu yote wazi, huku yule mama anahangaika kuyafunga ya kwake. Niliisimamisha mara moja: piano inalia kwenye chumba kilichofungwa, naye anakwenda kuangalia. Nikainuka, nikasimama ukumbini kama dakika tano najifanya nanyoosha mgongo. Dada yangu akaniuliza, "Umeshindwa?" Nikarudi kukaa.

Mwisho sitausema kwa ajili ya watakaopita hapa. Nitasema tu kwamba ilipoisha nilirudisha mwanzo kabisa, nikaangalia tena wale watumishi watatu wanavyofika mlangoni, na maneno yao yote yalikuwa yamebadilika maana. Usiku nililala. Mlango wa chumba niliufunga, nikaamka kuhakikisha nimeufunga.

Sasa ya pili iwe ipi? Jaws au A Quiet Place?

Sikio la Tatu
Papa. Na safari hii sauti juu.

Popo Mzee
Papa, kisha msumari. Kabati utalifungua mwezi ujao.