Nampenda, naogopa kumwambia, na mwezi ukiisha naondoka. Nishaurini

Kimya Kingi:
Wakuu, salaam. Najua humu ndani kuna ndimi kali, ila leo nivumilieni, sina mwingine wa kumwuliza.

Kuna dada tunafanya kazi pamoja, huu mwaka wa 4. Urafiki wetu ulianzia kwenye tamthilia. Kila Jumamosi usiku kila mtu yuko kwake, tunawasha kipindi kimoja kwa wakati mmoja na kuandikiana huku tunaangalia. Safari hii tulikuwa tunarudia Reply 1988, ile ya Korea Kusini iliyorushwa na kituo cha tvN kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016, vipindi 20. Tumefika cha 18 tukasimama.

Nampenda. Hajui. Niliomba uhamisho, umekubaliwa, mwezi ukiisha naondoka. Je, nimwambie au niondoke na yangu moyoni? Jibu la hapana naweza kulibeba. Ninachoogopa ni kuzipoteza zile Jumamosi.

Dada Mkubwa:
Mwambie. Uzi ufungwe.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Mdogo wangu, mimi nilikaa na la moyoni miaka 6. Siku niliyojikakamua, kabla sijafungua mdomo, mwenzangu akatoa kadi ya mwaliko wa harusi yake. Nilikwenda. Nikapiga picha na bwana harusi, nikamshika mkono, nikarudi nyumbani nikalala na viatu. Mpaka leo ile picha ipo na kila anayeiona anasema nilipendeza.

Shabiki wa Taek:
Hongera kwa kurudia hiyo tamthilia. Mimi nimeirudia mara 3, na mara zote nalia palepale kijana Taek anapouacha mchezo wake wa baduk, ule wa kete za ubaoni, kwenda kumtafuta Deok-sun, binti anayempenda.

Kalamu Kavu:
Tuongee kwa ushahidi. Mwaka 1994 wanasaikolojia Thomas Gilovich na Victoria Medvec waliandika kuhusu majuto. Kwa muda mfupi, mtu hujutia zaidi alichokifanya. Miaka ikipita, mizani inageuka: anajutia zaidi alichoacha kufanya. Ukisema, wiki hii itauma. Usiposema, utakuja kunielewa ukiwa na mvi.

Mzee wa Vipindi:
Lakini namna ya kusema nayo ni kitu. Angalieni Pride and Prejudice ya BBC, 1995, vipindi 6. Darcy anamwambia Elizabeth kwamba anampenda, safari bado iko nusu, na anakataliwa vibaya. Hakukataliwa kwa kusema. Alikataliwa kwa sababu binti alishakuwa na kinyongo naye, na yeye akakiongeza kwa kuchanganya mapenzi na kuidharau familia yake. Hadithi haikuishia pale, na yeye hakufa. Waandishi wa tamthilia huchelewesha neno kwa sababu wana vipindi vya kujaza. Wewe una vipindi gani vya kujaza?

Dada Mkubwa:
Nimerudi, kuna kitu kinaniwasha. Mtu hasimami vipindi viwili kabla ya mwisho, tena tamthilia anayoijua. Na uhamisho hauombwi kwa sababu ya mtu ambaye hajui kitu. Mleta mada, funguka. Kipindi cha 18 kilipoisha kulitokea nini?

Kimya Kingi:
Sawa dada.

Nina rafiki yangu wa karibu sana, tumekua pamoja. Miezi michache iliyopita alinifuata akaniambia anampenda huyuhuyu dada, akaniuliza kama mimi nina hisia naye. Nikamwambia hapana, endelea tu. Siku ileile niliandika barua ya uhamisho.

Baada ya kipindi cha 18, siku mbili mbele, tulikutana wanne. Rafiki yangu aliondoka mapema. Sijui nilipata wapi nguvu, nikamwambia yule dada yote mbele ya mwenzetu mmoja aliyebaki. Kwamba huwa nachelewa kutoka kazini ili tushuke naye ngazi. Kwamba namjua kwa kishindo cha viatu vyake. Akanyamaza. Nikaogopa, nikacheka, nikamgeukia yule mwenzetu nikasema, "Umeona ninavyoweza kuigiza?" Ikapita kama utani.

Dada Mkubwa:
Kwa hiyo ulimgawa. Mtu mzima, mwenye akili yake, wanaume wawili mmekaa mkapangiana nani aendelee. Yeye aliulizwa lini?

Kimya Kingi:
Sikumgawa. Yule ni ndugu yangu. Ningemjibu "hata mimi nampenda," ningekuwa nimemwekea mguu njiani. Niliheshimu urafiki. Na uhamisho una faida zake kikazi, sikuomba kwa ajili ya mapenzi tu.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Hilo la faida za kikazi nililisema hata mimi, mdogo wangu. Nilikwenda mbali kweli. Moyo nikaukuta umeshatangulia kufika.

Msema Hovyo:
Wakuu, hii ni chai. Kwa ambao hawajaangalia: Jung-hwan anampenda Deok-sun, jirani yake pale Ssangmun-dong, Seoul. Akigundua rafiki yake Taek naye anampenda, anarudi nyuma. Halafu kipindi cha 18, wamekaa na wenzao, anamwekea pete yake ya chuo mezani, anasema yote aliyoyaficha miaka, kisha anamgeukia mwenzake kama vile ulikuwa mchezo tu. Mleta mada ametoa pete akaweka ngazi za ofisini. Tunashauri mhusika wa tamthilia!

Shabiki wa Taek:
Aisee! Na mimi nilikuwa nimeanza kulia.

Kalamu Kavu:
Rafiki, kurudi nyuma, kukiri, kugeuza utani. Mambo manne kwa manne. Ninaondoa ushauri wangu mpaka tupate maelezo.

Mzee wa Vipindi:
Inawezekana ameiga. Watu huiga.

Kimya Kingi:
Niliiga. Sikatai. Nilikuwa nimetoka kuangalia mtu anasema kila kitu halafu anapata mlango wa kutokea, nikaona na mimi naweza kupita humo. Kama nisingekiona kile kipindi nisingethubutu hata kufungua mdomo. Niiteni mwongo kwa mengine, kwa hili hapana.

Na kuna tofauti moja, Msema Hovyo. Deok-sun anaiacha ipite. Huyu hakuiacha. Kesho yake asubuhi aliniandikia: "Jana ulikuwa unatania kweli?" Leo siku ya 9. Sijamjibu. Ofisini tunasalimiana. Jumamosi ilipita hakuna aliyewasha kitu. Jibu nimeshaliandika, "Ndiyo, utani tu, usijali," lipo kwenye simu halijatumwa.

Mama Wawili:
Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo nimeshindwa kupita.

Kijana, kile kipindi cha 18 mlikiangalia pamoja. Alikiona kilekile ulichokiona, siku mbili tu kabla. Ulipocheka ukamgeukia mwenzako, kati ya watu wote duniani yeye ndiye aliyejua utani ule unatoka wapi na maana yake nini. Kwa hiyo hakuulizi kwa sababu hajui. Anakuuliza ili useme mwenyewe, ukiwa hujamgeukia mtu mwingine. Siku 9 amekuachia mlango wazi, na wewe umekuja kutuuliza sisi kama mlango upo.

Inawezekana akakwambia hakuoni hivyo. Inawezekana akamchagua rafiki yako. Hilo ni lake. Lakini ukimtumia hiyo "Ndiyo" utakuwa umemdanganya mtu aliyekuuliza kwa upole.

Na rafiki yako naye ana haki ya kuambiwa. Ulimjibu uongo, akajenga juu yake.

Dada Mkubwa:
Mama, shikamoo. Nimekaa.

Msema Hovyo:
Mimi bado nasema chai. Ila kama si chai, basi anza na rafiki. Asije akasikia kwa mtu.

Mzee wa Vipindi:
Jung-hwan mwenyewe, akichelewa kumfikia Deok-sun kwa sababu ya taa nyekundu barabarani, mwishowe anakiri kwamba kosa halikuwa la taa. Lilikuwa la kusitasita kwake.

Kimya Kingi:
Nimempigia rafiki yangu. Nimemwambia nilimdanganya. Alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Ungeniambia siku ile," akakata simu. Nimepiga tena, hapokei.

Ile "Ndiyo" nimeifuta. Nimemwandikia: "Haikuwa utani. Nilisema utani kwa sababu ulinyamaza nikaogopa. Huna deni la jibu." Imekwenda. Imefika. Bado hajasoma.

Mikono inatetemeka, wakuu.

Mama Wawili:
Laza simu kifudifudi, tafuta kazi ya mikono. Usikae unaiangalia.

Shabiki wa Taek:
Jumamosi inakaribia.

Msema Hovyo:
Chai au si chai, mimi silali. Ukijibiwa, jibu lije hapa kwanza.

Dada Mkubwa:
Lisije hapa. Likae kwao wawili.