Mjadala: Wahudumu wa afya wa milimani wanunuliwe baiskeli gani?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mezani ni hii: fedha za umma zinapowanunulia baiskeli wahudumu wa Timu za Afya za Vijiji katika wilaya za milimani za Uganda kama Kapchorwa na Kisoro, ziendelee kununua baiskeli ile ile nzito ya chuma, au zinunue baiskeli nyepesi ya milimani, ya aina inayotumika kwenye mashindano ya masafa marefu katika njia mbovu? Upande wa kwanza umesema kwamba chuma hakina mshindani, kwa kuwa kila senta ya biashara ina fundi anayekifahamu. Upande wa pili umejibu kwamba kilo 20 za chuma ni mateso kwa mama anayepanda mlima. Mimi naunga mkono baiskeli ya milimani, ila ile ya kawaida na si ya mashindano, wala si kwa sababu ya wepesi wake.

Tumchukue mhudumu wa kilo 60 mwenye mzigo wa kilo 10. Akiwa na baiskeli ya chuma ya kilo 20, uzito wote anaoupandisha ni kilo 90. Akiwa na ya mashindano ya kilo 10, ni kilo 80. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi kumfanya aliyekuwa akiikokota baiskeli aanze kuiendesha. Kinachomshusha kitini ni gia. Baiskeli ya chuma ina gia moja tu, kwa kawaida meno 44 mbele na 20 hivi nyuma, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unadai isogee karibu mita 5, na hakuna goti linaloweza kulipa deni hilo kwenye mteremko wa Sipi, kule Kapchorwa. Baiskeli ya mashindano ya siku hizi, yenye meno 32 mbele na 51 nyuma, husogea kama mita moja na nusu. Sasa angalieni baiskeli ya milimani ya kawaida, ya alumini, ya kilo 14, yenye meno 22 mbele na 34 nyuma: nayo husogea mita moja na nusu ile ile, na mnyororo wake ni wa bei ndogo zaidi.

Jambo la pili ni breki, na hapa naomba niseme niliyoyapitia. Niliwahi kushuka kutoka juu ya Sipi kwa baiskeli ya chuma, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Nilibana breki hadi vidole vikafa ganzi, lakini vipande vya mpira viliteleza juu ya ringi iliyolowa kana kwamba imepakwa sabuni. Nikaburuza kiatu chini, soli ikapata moto, na mwishowe nikajitupa kwenye mibuni ya watu. Breki ya diski hukaa karibu na kitovu cha gurudumu, mbali na matope, nayo hushika hata njia ikiwa imelowa. Ningechagua ile inayovutwa kwa waya, kwa kuwa ya mafuta hudai vifaa ambavyo fundi wa kijijini hana.

Aliyesema kwamba fremu ya kaboni ni imara kuliko chuma hakukosea, iwapo tunalinganisha kilo kwa kilo. Lakini kaboni ikigongwa na jiwe inaweza kupasuka ndani bila kuonyesha alama nje, ilhali chuma hupinda ukaona, kisha mchomeleaji akakirudisha. (Alumini nayo haichomelewi na kila mtu, na ni haki tulikubali hilo.) Shokapu za hewa hudai pampu yake maalumu na huduma kila baada ya saa 50 hivi za safari, na mhudumu anayeendesha saa mbili kwa siku atazimaliza saa hizo kabla ya mwezi kwisha. Foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) isiyo na shokapu, pamoja na tairi pana za inchi 2.2 zisizojazwa upepo kupita kiasi, inatosha. Tena fremu nyingi za mashindano hazina matundu ya kufungia keria. Sanduku la dawa litakaa wapi?

Siidharau baiskeli ya chuma. Ndiyo iliyozaa bodaboda pale Busia katika miaka ya 1960, na katika nchi tambarare ya Teso sioni sababu ya kuibadilisha.

Hoja ya fundi ndiyo nzito kuliko zote, na upande wangu umeipita haraka mno. Niliwahi kuoneshwa baiskeli nne za msaada zilizoegemezwa ukutani ndani ya stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, tairi zikiwa bado na vinyweleo vya upya. Zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kilikuwa kimepinda au kukatika. Kipande hicho hutengenezwa kwa umbo la fremu yake, kwa hiyo cha baiskeli nyingine hakiingii, na aliyezileta hakuleta hata kimoja cha akiba. Mnaotetea baiskeli nyepesi, naomba tukubaliane kwanza kwamba mkataba wa ununuzi utaje vipande viwili vya akiba kwa kila baiskeli, pamoja na waya, pedi za breki na siku za kuwafundisha mafundi wa senta husika. Kisha ndipo tubishane kuhusu bei.